Upindo wa Mkono wa Kushoto

Shuleni,
Alhamisi, 2 Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo. Dereva wa lori la shule atakukabidhi barua hii pamoja na sanduku la mbao lenye kamba. Simu huku bado inashika ukipanda juu ya tangi la maji tu, na mwalimu akipanda tangi wanafunzi hucheka wiki nzima, kwa hiyo naandika.

Ndani ya sanduku mna blauzi kumi na mbili za mtihani wa ushonaji. Kila mtahiniwa wangu ameshona moja peke yake, kuanzia kukata kitambaa mpaka kupinda kwa mkono. Zinatakiwa ofisi ya mitihani, mtaa wa pili kutoka dukani kwako. Kwa sheria ningezileta mimi mwenyewe, na sanduku lingefungwa kwa lakiri, ile nta ya muhuri. Lakiri imetuishia, na mimi nimepangwa kusimamia mtihani wa kuandika mpaka Jumatatu. Mwalimu mkuu alitaka kumpa tarishi. Nikakataa, nikamwambia namjua mtu mmoja tu ninayeweza kumwachia kitu nisigeuke nyuma kutazama.

Lori litafika kesho jioni, ofisi itakuwa imeshafungwa. Kaa nalo mpaka Jumatatu asubuhi. Usilifungue, mama. Lifunike tu lisipate vumbi.

Mwaka huu chuo cha ushonaji kimetoa nafasi moja kwa wilaya nzima, na ataipata atakayeongoza. Nina binti hapa tunamwita Kimya, kwa sababu ukimsalimia asubuhi anakujibu mchana. Ana upindo ambao sijapata kuuona kwa mtu yeyote. Hata wewe, mama, ungeuona ungenyamaza, na wewe kunyamaza si kazi ndogo.

Mwanao,
Kitinda

*

Dukani,
Jumatatu, 6 Oktoba

Mwanangu Kitinda,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Marahaba. Sanduku nimelifikisha leo saa mbili kamili, ofisi hata haijafagiliwa. Karani amenipa karatasi ya kupokelea, nimeikunja ndani ya barua hii. Kwa hiyo ondoa wasiwasi, wa kwangu unatutosha sote wawili.

Nimekaa nalo siku tatu kama mtu anayeuguza mgonjwa. Kula yako ikoje? Kile kikohozi kimekwisha? Usilale na nywele mbichi.

Sasa nikuambie ya hapa. Bi Umeme ametundika cheti cha bintiye. Wewe unamjua Bi Umeme, tangu anunue cherehani ya umeme hasemi tena na sisi wa kukanyaga kwa miguu. Cheti chenyewe cha mwaka jana, cha mwalimu bora wa ushonaji, kimewekwa kioo, kimeelekezwa mlangoni kwangu ng'ambo ya barabara, yaani nikiinua kichwa kwenye sindano nakutana nacho. Ijumaa hiyo hiyo sanduku lako lilipofika, alikuwa anamwonyesha mteja aliyekuja kutiliwa zipu. Zipu tu! Akapaza sauti nisikie: "Mwanangu mimi hakupata hiki kwa kubahatisha." Mimi na yeye tulifundishwa kushona na fundi mmoja, siku moja, benchi moja. Na mtoto wangu alimshinda mtoto wake darasani kuanzia la kwanza mpaka la saba. Roho iliniuma, sikufichi.

Na huyo Kimya, mkono wake ameutoa wapi? Nani alimfundisha? Wewe nilikufundisha mimi, na sikumbuki kukufundisha jambo la kunyamazisha watu.

Mimi mama yako

*

Shuleni,
20 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Ahsante kwa karatasi ya karani na ahsante kwa kuhangaika. Kikohozi kimekwisha.

Mwache Bi Umeme na kioo chake. Bintiye ni mwalimu mzuri kweli, tulisoma naye ualimu, na alikuwa akifumua kazi yake mwenyewe mara nne kabla ya kumwonyesha mkufunzi.

Kimya hakufundishwa na mtu. Alikuwa akitia viraka magunia ya babu yake, na gunia, mama, halisamehe mshono mbaya, linamwaga. Nilipomweka mbele ya darasa awaonyeshe wenzake anavyopinda, wote walisogeza viti. Natamani siku moja umwone.

Matokeo yatabandikwa Desemba mosi. Nahesabu siku kama mimi ndiye mtahiniwa.

Kitinda

*

Dukani,
Jumatatu, 1 Desemba

Mwanangu, mwalimu wangu, nyota yangu,

Hata salamu nimesahau. Salamu!

Nimetoka ofisini sasa hivi, matokeo yamebandikwa ukutani. Nilisoma kwa kidole, darasa langu la tatu ndilo hilo hilo, nikamwomba karani asome tena nisije nikajidanganya. Shule yako ya kwanza wilaya nzima! Na shule ya binti wa Bi Umeme ya nne. Ya nne, Kitinda.

Nilirudi kwa barabara ya mbele kwa makusudi, nikasimama mlangoni kwake nikasema, "Jirani, umeshasikia?" Akasema amesikia, hongera, bintiye naye amefurahi kwa mwenzake. Amefurahi, huku pini zimemjaa mdomoni! Mimi nikasema ahsante. Nikaingia dukani kwangu, nikafunga mlango, nikacheza peke yangu mpaka cherehani ikatikisika.

Karani alinikabidhi cheti chako. Kimeandikwa mwalimu bora. Nimekitundika. Nimekielekeza kwake.

Mimi mama yako, mama wa mwalimu bora

*

Shuleni,
Ijumaa, 5 Desemba

Mama,

Shikamoo.

Sanduku limerudi jana pamoja na alama. Niligawa blauzi darasani. Aliyeongoza wilaya ni binti wangu mmoja anayeitwa Mcheshi, na nafasi ya chuo ameandikiwa yeye. Alinyanyua blauzi yake, akaitazama, akasema: "Mwalimu, mimi upindo wangu huwa kama njia ya nyoka. Huyu nyoka nani kamnyoosha?" Darasa zima likacheka. Kisha wakaanza kugeuza blauzi zao, mmoja mmoja, na kicheko kikaisha chenyewe.

Wewe ni mashoto, mama. Mtu wa mkono wa kulia akipinda, nyuzi zinalala huku. Zako zinalala kule. Nimevaa upindo huo kwenye sketi za shule miaka saba, nikichoka kusikiliza darasani nilikuwa nauhesabu kwa kidole. Blauzi kumi na moja zimepindwa hivyo.

Ya kumi na mbili ni ya Kimya. Hiyo ina upindo wake mwenyewe. Ameshika nafasi ya mwisho darasani. Mkaguzi ameandika pembeni: "Mshono bora, lakini kazi imeletwa imekunjamana kama tambara. Unadhifu sifuri." Sielewi. Niliipiga pasi mwenyewe na nikaiweka juu kabisa.

Kimya aliikunja yake vizuri, akaiweka mezani kwangu, akatoka.

Mwalimu mkuu ameniita. Anasema shule haijawahi kuongoza, nisiwe mtu wa kukata tawi nililokalia. Jina la chuo litathibitishwa Ijumaa tarehe 12, na baada ya hapo halibadiliki.

Sikuulizi kama ni wewe. Nakuomba uandike barua kwa ofisi ya mitihani useme ulichofanya. Nikisema mimi peke yangu, watadhani wanafunzi ndio walioiba, wawafute wote, na Kimya ndani yao.

Kitinda

*

Dukani,
Jumapili, 7 Desemba

Kitinda,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nikitafuta mahali ulipouliza hali yangu. Sijapaona.

Ndiyo, nilifungua. Nilitaka kuona kama unyevu umeingia. Kamba yenyewe ilikuwa imelegea. Nikatoa ya kwanza, upindo wake ulikuwa aibu, mwanangu, mbuzi angeshona vizuri zaidi kwa meno. Nikasema ninyooshe hapa tu. Kisha ya pili ikawa inaionea wivu ya kwanza. Jumamosi na Jumapili nilifunga duka mchana kweupe, Bi Umeme akagonga kuuliza kama naumwa. Nikamwambia naumwa.

Nimemwibia nani? Wale ni watoto wa watu, nimewasaidia. Ninyi walimu mkisaidia inaitwa kufundisha, mimi nikisaidia inaitwa wizi? Nami nilikuwa nasikia mle dukani kwa jirani: "Hakupata hiki kwa kubahatisha." Ulitaka nikae mikono mapajani?

Na kila barua ni Kimya, Kimya, Kimya. Sare zako za miaka yote nilishona mimi, taa ikizima nashona kwa kupapasa. Hujawahi kuniandikia hata siku moja kwamba upindo wa mama yako hujapata kuuona kwa mtu yeyote. Nimesubiri usome mpaka ualimu uishe, nikasikia unamwambia mtoto wa magunia.

Siandiki barua kwa ofisi. Bi Umeme atacheka mpaka meno yamdondoke. Wewe utafukuzwa kazi, na mimi nitakuwa nimekufukuza kwa mwandiko wangu mwenyewe. Hapana. Nyamaza, litapita. Mbona huyo mtoto wako anajua kunyamaza?

Mama yako

*

Shuleni,
Jumanne, 9 Desemba, jioni

Mama,

Shikamoo. Sikuuliza hali yako, nisamehe. Hujambo?

Leo nilikuwa mjini. Nilikwenda ofisi ya mitihani na sanduku, nikaeleza kwamba nililitoa shuleni bila lakiri na bila kulisindikiza, na kwamba kazi iliyomo siyo waliyoifanya wanafunzi wangu. Nikasema kosa ni langu. Waliniuliza ni nani aliyezigusa. Sikukutaja. Wakasema basi, kama sina jina la kutoa, aliyezigusa ni mimi au wanafunzi. Watafuta matokeo ya wote kumi na wawili kesho kutwa, na mimi nisubiri barua yangu.

Nilipita nyuma ya duka lako. Nilisikia cherehani inakwenda. Sikuingia, kwa sababu ningeuona uso wako ningerudi na sanduku langu nilikotoka.

Mimi nawaambia watoto arobaini kila asubuhi kwamba kazi mbovu iliyo yako ina faida kuliko nzuri ya mwenzako, maana mbovu yako naweza kukufundisha kuirekebisha. Mcheshi hakutaka nafasi ya watu. Alisema, "Nitafika chuoni wataniambia nipinde, nitapinda nini?" Ana miaka kumi na sita, mama.

Na kuhusu upindo wako: hukuniuliza kwa nini nilikuwa nauhesabu.

Kitinda

*

Dukani,
Alhamisi, 11 Desemba

Mwanangu Kitinda,

Sijambo. Ahsante kwa kuuliza.

Jumatano asubuhi, kabla barua yako haijafika, Bi Umeme alivuka barabara. Akasema, "Jirani, jana nilimwona mwalimu wako kwenye benchi la ofisi ya mitihani na sanduku miguuni. Alikaa tangu asubuhi hata maji hajanywa. Nikampelekea kikombe." Nikasema ahsante. Kitinda, mimi nimewahi kuzaa, nimewahi kuzika, sijawahi kuumwa kama nilivyoumwa na kikombe kile. Mwanangu ana kiu mtaa wa pili, na anayemnywesha ni Bi Umeme. Baadaye dereva akaleta barua yako. Nikaisoma nimesimama.

Leo nimekwenda. Nilichukua sindano yangu, uzi mweupe, na pasi ya mkaa, sijui hata pasi nilibeba ya nini, watu njiani walidhani nahama.

Yule bibi mkaguzi ni mtu wa miwani, anatoa maneno kama anahesabu pini. Chumba chao kidogo, meza tatu, makabati yamesimama njiani. Nikamsalimia, nikamwambia, "Blauzi za shule iliyoongoza, nilizigusa mimi."

"Wewe ni nani wa mwalimu?"

"Mama yake."

"Mama, kila mwaka hapa wanakuja kina mama kujitwisha makosa ya watoto wao. Nitajuaje?"

"Nipe kitambaa."

Akanipa kipande cha pazia. Nikapinda shibiri moja mbele yake. Akakichukua, akakiweka juu ya blauzi ya Mcheshi, akavisogeza vyote dirishani. Karani naye akaja kuchungulia. Kisha mkaguzi akasema, "Mkono ni huu." Akasema pia, "Mkono mzuri." Nilitaka ardhi inimeze na wakati huo huo nilifurahi. Nakuambia kama ilivyo.

Halafu akatoa ile ya kumi na mbili. Akauliza, "Na hii, mbona hukuigusa?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ningesema ilikuwa nzuri, haikuhitaji mkono wangu. Hata wewe ungeliamini, na naona ulishaliamini. Nikakukumbuka kwenye benchi, umekataa kusema jina langu. Nikamwambia, "Niliigusa."

Sasa na wewe usikie. Ilikuwa juu kabisa, imenyooka, kama ulivyosema. Niliishika ya kwanza kabla ya zote. Nikageuza upindo, nikatafuta mshono hata mmoja uliopotea. Nikautafuta kwa miwani na bila miwani. Nikavuta uzi kidogo, haukuachia. Nikakumbuka ulivyoandika kwamba ningenyamaza. Sikunyamaza, nilisema neno ambalo siliandiki. Kisha nikaifinyanga kwa mikono miwili kama nguo ya kusugulia sufuria, nikaisokomeza chini kabisa. Zile kumi na moja nilizipiga pasi moja moja, nikazilaza juu yake. Siku zote mbili nazishona nilijua iko chini. Kwa hiyo usiseme tena mama alimshindania Bi Umeme. Bi Umeme alikuwa upepo tu. Nilikuwa nashindana na mtoto wa miaka kumi na sita, ambaye kosa lake ni kusifiwa na wewe.

Mkaguzi akavua miwani. Akaniambia niandike. Nikaandika yote kwa mwandiko wangu huu unaoujua, nikaweka dole gumba na jina, vyote viwili, ili wasichague. Akaniambia nirudishe na cheti. Nilipomaliza nikamwomba anipe ile blauzi, na karani nikamwomba mkaa. Nikaipiga pasi pale pale juu ya meza ya watu.

Cheti nimekishusha. Bi Umeme alikuwa mlangoni akaona. Akauliza, "Kimeanguka?" Nikasema, "Nimekishusha. Niliwashonea." Akasema, "Ulisema unaumwa." Nikasema, "Nilikuwa naumwa." Hakucheka, Kitinda. Afadhali angecheka.

Na niambie, kwa nini ulikuwa unauhesabu?

Mama yako

*

Shuleni,
Jumamosi, 20 Desemba

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yangu imetoka. Sitapeleka watahiniwa wapya kwa miaka miwili, na onyo limeingia kwenye jalada langu. Mwalimu mkuu hanisalimii, ananipungia kidole kama anafukuza nzi. Lakini darasa ni langu bado. Wanafunzi kumi na mmoja watashona upya Januari mbele ya mkaguzi. Mcheshi ameshaanza kufanya mazoezi, nyoka bado anatambaa lakini mwaka huu anaelekea mahali.

Blauzi ya Kimya imesahihishwa upya, akaongoza, nafasi amepewa yeye. Nilipomwambia alitazama chini, akauliza swali moja: nani aliyeipiga pasi. Nikamwambia ni mtu yule yule. Sikumficha.

Nilikuwa nauhesabu kwa sababu nilipokuwa naogopa darasani, niliushika upindo nikajua upo karibu. Wa Kimya ni mzuri kuliko wako, mama. Lakini ule wake nisingeweza kuushika nikatulia. Yote mawili ni kweli, na ningekuandikia zamani kama ningejua unasubiri.

Kitinda

*

Dukani,
14 Januari

Mwanangu Kitinda,

Salamu, na ahsante kwa maneno yale. Siyarudii hapa, nimeyakunja mahali pake.

Kimya wako amefika chuoni. Jana alikuja dukani na barua yako. Nilimtambua kabla hajasema, kwa sababu hakusema. Mtoto mwembamba, vidole virefu, amesimama mlangoni kama anasubiri kupimwa. Akanipa shikamoo, nikaitikia. Nikamwomba radhi, nikiwa nimesimama, si kwa mafumbo. Akasema, "Nimesikia, mama mwalimu." Sijui kama amesamehe. Sikumuuliza, si haki yangu kuharakisha.

Nikampa kiti. Akakaa, akaona sketi iliyokuwa mezani, ya mteja, nimemaliza kuipinda asubuhi ile. Akaigeuza. Bi Umeme ng'ambo alikuwa ameacha cherehani yake ya umeme, amesimama na pini zake mdomoni, anatuangalia.

Kimya akasema, "Mama mwalimu, nikisema utakasirika?"

Nikasema, "Sema."

"Unavuta uzi sana. Nguo ikifuliwa mara tatu, upindo utajikunja."

Nikaichukua ile sketi. Miaka thelathini nashona, Kitinda, na miaka thelathini wateja wananirudishia nguo zimejikunja chini, nami nawaambia ni sabuni. Wivu ulinipanda, nausikia hata sasa ninapoandika. Nikatafuta la kumjibu, na unajua mimi sikosi la kujibu.

Nilinyamaza. Nikampa mkasi afumue.

Mimi mama yako